Ufunguo wa Akiba

Bwana Hirachand Bafna anadai nimeipangisha fremu yake
kwa mlango wa nyuma.
Fremu haina mlango wa nyuma.
Ina mlango mmoja wa bati, wa kukunja,
unaolia ukipandishwa
hadi mbwa wa muuza maziwa ng'ambo ya barabara anaujibu.

Miaka thelathini na minne, hapa Solapur,
futi saba kwa kumi na moja,
nimepasua matumbo ya saa za watu:
za makarani wa viwanda vya shuka, za makondakta wa treni,
moja ya arusi iliyozama kwenye mchuzi wa dengu.
Kodi nimelipa. Risiti zote ninazo,
nimezitunga kwenye waya kama shanga.

Kisha macho yakaanza kuniaga.
Hayakuwa na haraka. La kushoto lilitangulia:
skrubu moja ikawa mbili, mbili zikawa ukungu.
Nikamwita Nisar Attar, kijana mwenye vidole vya subira,
tukaandika hati ya ubia kwenye karatasi ya muhuri,
sitini kwake, arobaini kwangu,
faida kwa hasara.
Tukanywa chai. Wakili alikunywa vikombe viwili.

Wakili wa Bafna ni mwingine, mpole,
anauliza kama mtu anayemenya chungwa.
Mzee Gajanan, duka hufungua nani?
Nisar.
Hufunga nani?
Nisar.
Ufunguo hulala wapi?
Kwake. Ila wa akiba uko kwangu, kwenye kopo la sukari.
Mara ya mwisho kuutumia?

Saa ya ukutani ilipiga sekunde kumi na moja.
Nilizihesabu. Ndiyo kazi yangu.

Na kilemba, mzee, ulipokea kiasi gani?
Kilemba! Nikapapasa kipara changu,
watu wa viti vya nyuma wakacheka,
hakimu hakucheka.
Bafna naye akatazama saa yake mkononi.
Niliitengeneza mimi, tangu ikiwa ya baba yake.
Najua inatangulia dakika nne.
Sikumwambia.

Usiku mke wangu amelala, mimi nahesabu bahasha.
Kila tarehe tano Nisar huleta moja, ya kaki,
huishika kwa mikono miwili, huulizia mguu wangu.
Mwezi wa Diwali, watu wamejaa hadi barazani: mia tisa.
Mwezi wa mvua, barabara ni mto, hapiti hata ng'ombe: mia tisa.
Mwaka ule viwanda vilipofungwa: mia tisa.
Faida gani hii isiyonenepa wala kukonda?
Sikuwahi kumuuliza.
Hakuwahi kuniambia.
Tumestahiana, na heshima nayo
labda ni njia ya kutohesabu.

Alfajiri nikatoa ufunguo kwenye sukari,
nikatembea hadi dukani kabla ya maziwa.
Nikainama, nikatia, nikazungusha.
Haukuzunguka.
Nikapapasa kufuli: jipya, zito, baridi,
sijui la tangu lini.
Mbwa alinitazama tu.

Nisar akanikuta nimekaa kwenye ngazi.
Walivunja mwezi wa tatu, mzee. Nilikwambia.
Labda aliniambia.
Akapandisha bati, bati likalia, mbwa akajibu.
Ndani, kigoda changu kipo palepale,
mto wake umefuliwa,
na juu ya meza saa saba zimepangwa kwenye kitambaa
upande wangu.
Hizi zimenishinda, akasema.

Nikaiweka ya kwanza sikioni, nikafumba macho
ambayo hata yakifumbuliwa ni yaleyale.
Inachechemea. Gurudumu la mizani lina uchafu, nikasema,
safisha ekseli, usiguse kamani.
Ya pili. Ya tatu. Yeye anaandika.

Hukumu ni tarehe kumi na tisa.
Habari ya masikio wakili hakuiuliza,
nami, nilipokuwa nimesimama kizimbani
nikihesabu sekunde zao,
sikukumbuka kuisema.